Siku moja Kyoto, na miti ya koko

Mwezi wa sita 2023 nilialikwa Japani kwa mafunzo ya wiki mbili katika mji wa Osaka. Sitaandika juu ya mafunzo yenyewe; yalikuwa mambo ya biro, na mambo ya biro yanafanana pote duniani. Ninaandika juu ya siku moja tu, Jumapili tuliyopewa kupumzika. Wenzangu walienda kununua simu. Mimi nilipanda treni peke yangu mpaka Kyoto, karibu nusu saa ya safari, juu nilitaka kuona namna watu wengine wanachunga mahali pa wazee wao.

Sababu ilikuwa hii. Siku tatu mbele ya hapo, baba mudogo alinitumia sauti kwenye WhatsApp kutoka kilimani kwetu, Walungu, Kivu ya Kusini. Alisema: "Mutoto yangu, ile miti ya koko, batu ya makala banatoa bei muzuri. Na fasi yenyewe kuko mutu anataka kujenga. Bandugu bote banakubali. Unabakia wewe, juu ni wewe mutoto wa kwanza wa kaka yangu. Tunangoja neno yako." Nilisikiliza ile sauti mara tatu. Sikujibu.

Wasomaji wa huku Lubumbashi na Likasi labda hawamjui Lyangombe. Kwetu Bushi, na pia Rwanda na Burundi (Warundi wanamwita Kiranga), wazee walimheshimu kama mkubwa wa mizimu, mwindaji aliyeuawa na nyati, na mti wake ni ule wenye maua mekundu kama moto. Koko mwanamuke, mama ya baba, aliingizwa katika desturi hiyo akiwa msichana. Kisha dini ya mapadri ilifika kilimani, katekista akasema mambo ya Lyangombe ni ya shetani, na yeye akabatizwa, akaitwa Maria. Wengi walikata miti yao. Yeye hakukata. Kila asubuhi, mbele ya jua, alifagia chini ya ule mti na ile mingine iliyouzunguka, akiacha mistari ya ufagio udongoni, safi kabisa, kisha akaenda misa. Siku moja nilimuuliza: "Koko, unaomba nani pale?" Akajibu: "Siombi mutu. Ninafagia." Alikufa 1998, na toka siku ile hakuna aliyefagia.

Basi, tuingie Kyoto. Ule mji ulikuwa makao ya wafalme wa Japani toka 794 mpaka karne ya 19, na mahekalu ya Wabudha pale ni mengi kupita makanisa ya Lubumbashi, ambayo nayo si machache. Basi za mjini unapanda kwa mlango wa nyuma na unalipa ukishuka, mbele, kwa dereva. Hakuna anayeongea kwa simu. Mtu aliyezoea taksi-bisi zetu, na konvoyeri anayeita abiria kwa kupiga bati, anaweza kufikiri amepanda gari ya kilio.

Hekalu mashuhuri kuliko yote ni lile la dhahabu, Kinkaku-ji. Sikukaa. Watu pale ni kama soko ya Kenya siku ya Jumamosi, tofauti ni kwamba hapa wote wameinua simu. Lakini kuna jambo moja juu yake ambalo lilinifaa baadaye. Mwaka 1950 mtawa kijana alilichoma moto, likaisha lote. Lile wanaloliona watu leo lilijengwa upya mpaka 1955. Wajapani hawafichi jambo hilo, wala hawaoni kwamba hekalu limekuwa la uongo. Sisi, nyumba ya mwami ikiungua tunasema: desturi imekwisha.

Toka pale ni mwendo mfupi kwa miguu mpaka Ryoan-ji, hekalu la Wazen lililoanzishwa 1450 na bwana wa vita aitwaye Hosokawa Katsumoto. Nalo liliungua, katika vita iliyoanza 1467 na kudumu miaka kumi, tena baadaye. Unavua viatu mlangoni, unatembea na soksi (angalia zisiwe na tundu!) mpaka baraza ya mbao, na pale unaketi. Mbele yako ni bustani, lakini usitazamie maua. Ni kiwanja cha changarawe nyeupe, urefu mita 25, upana mita 10 hivi, na mawe 15 yamepangwa kwa mafungu matano. Hakuna mti ndani. Kitu pekee cha kijani ni yale majani mafupi sana, laini kama manyoya ya kifaranga, yanayoota kwenye mizizi yenye unyevu kule kwetu Kahuzi. Hapa yamezunguka miguu ya mawe. Ukuta wa nyuma ni wa udongo uliochanganywa na mafuta, na kwa miaka mafuta yametoka nje na kuchora madoa ya kahawia ambayo hakuna fundi angeweza kuyapanga.

Mtoto mmoja karibu nami alikuwa anahesabu mawe kwa kidole. Alipata 14. Mama yake akacheka, akamsogeza hatua chache. Akahesabu tena, 14. Ndivyo ilivyopangwa: ukiketi pale barazani, popote, jiwe moja linafichwa na mengine. Nani aliyeipanga hivyo, na kwa maana gani, hakuna hakika. Wengine wanasema ni visiwa baharini, wengine chui milia wanaovuka mto na watoto wao. Mimi sikutafuta maana. Nilitazama changarawe. Ilichanwa na rato ya mbao, mistari imenyooka toka upande mmoja mpaka wa pili, na kuzunguka mawe ilikuwa miviringo, kama mayi yanapogonga mtumbwi. Ndugu msomaji, niliijua ile mistari. Ilikuwa ya ufagio wa koko. Watu wamepanda ndege toka Ulaya na Marekani kuja kutazama kiwanja kilichofagiwa vizuri, na sisi tumekua tukikanyaga vya kwetu kila asubuhi tukienda masomo.

Mawe yale yalinikumbusha pia jiwe jingine. Mwaka 1945, Waamerika walipochagua miji ya kupiga kwa bomu la atomi, Kyoto iliandikwa katika orodha ya kwanza. Waziri wao wa vita, Henry Stimson, ambaye aliwahi kuutembelea mji huo, aliiondoa, akasimama imara mpaka Rais Truman akakubali. Bomu likaanguka Hiroshima, tarehe 6 Agosti. Na urani ya bomu lile, sehemu kubwa, ilitoka Shinkolobwe, hapa kwetu, karibu na Likasi. Watu walioichimba hawakuambiwa inaenda wapi. Niliketi barazani nikiwa Mukongomani peke yangu kati ya Wajapani, na nilisikia uzito wa jambo hilo ambalo hakuna mtu pale aliyeniuliza.

Nyuma ya nyumba kuna jiwe la kunawia mikono, la mviringo kama sarafu, na katikati shimo la mraba lenye mayi. Alama nne zimechongwa pande zote, na kila moja inaazima lile shimo ili ikamilike. Ukizisoma pamoja, zinasema juu ya mtu anayejua kutosheka. Fundi hakutaka kuchonga mraba mara nne wakati mmoja unatosha.

Kabla ya saa tano nilikuwa Daitoku-ji. Si hekalu moja. Ni kama misioni kubwa yenye nyumba zaidi ya 20 ndani ya kuta, na nyingi hazifunguliwi kwa wageni. Pale ndipo lipo lile lango ambalo juu yake watawa waliweka sanamu ya Sen no Rikyu, mwalimu wa desturi ya chai. Mtawala Hideyoshi aliona anapitishwa chini ya miguu ya mwalimu, akakasirika, na mwaka 1591 Rikyu akaamriwa kujiua; ile sanamu inatajwa kuwa moja ya sababu. Wakubwa wa siasa ni wale wale.

Lakini mimi nilitafuta nyumba ndogo iitwayo Zuiho-in, na hapa ninaomba uvumilivu, sababu habari yake ilinigeuza. Ilianzishwa na Otomo Sorin, bwana wa nchi ya Bungo katika kisiwa cha Kyushu. Mwaka 1551 alimkaribisha Mtakatifu Fransisko Saveri. Mwaka 1578 alibatizwa, akachukua jina la Fransisko. Mwaka ule ule, katika vita vya Hyuga, mahekalu ya kibudha na ya mizimu ya nchi yalibomolewa kwa jina la dini yake mpya. Alikufa 1587, na mwaka huo huo Hideyoshi alitoa amri ya kuwafukuza mapadri. Toka 1614 Ukristo ulikatazwa nchi nzima, waamini wakajificha vizazi kwa vizazi mpaka katazo likaondolewa 1873.

Sasa angalia. Muda huo wote watawa wa Zuiho-in hawakumfuta mtu wao. Aliyebomoa mahekalu aliendelea kukumbukwa ndani ya hekalu. Na mwaka 1961, fundi wa bustani Shigemori Mirei alipotengeneza viwanja vya pale, kile cha nyuma alikipangia mawe ambayo, ukisimama kwenye pembe yake, yanachora msalaba. Ni lazima uambiwe ndipo uuone. Mtawa muzee aliyekaa mlangoni alininyooshea kidole: hapa, hapa, kisha vile. Alipoona msalaba mdogo shingoni mwangu, aliinamisha kichwa. Nami nikainamisha changu. Kijapani changu kiliishia kwenye hesabu na asante, Kiingereza chake kilikuwa kidogo kuliko changu, ikatosha.

Niliketi pale karibu saa nzima. Sisi tulifundishwa kwamba kuna mlango mmoja: ukiingia huku, kule unapafunga, unapachoma. Koko alikuwa mkristo wa kweli, rozari yake ninayo mimi. Hata hivyo aliacha jiwe moja lisionekane toka barazani kwa padri. Sijui kama mapadri wa leo wangemwelewa. Yule wa zamani, hapana.

Mchana nilipitia Honen-in, chini ya mlima wa mashariki. Lango lake ni la nyasi, kama mapaa ya zamani kwetu, na ukishuka ngazi unapita katikati ya matuta mawili ya mchanga yaliyochorwa juu, nayo wanasema ni mayi ya kukutakasa. Siku ile walikuwa wamechora jani. Mvua ilikuwa imeanza kulila. Mahali pale hawakuniomba hata franga, na watu tulikuwa wanne.

Mwisho ilikuwa Shisen-do, kaskazini kidogo. Ishikawa Jozan, askari aliyevunja amri ya wakubwa katika vita ya Osaka mwaka 1615 akafukuzwa, alijijengea nyumba pale 1641, akaishi na vitabu vyake mpaka 1672. Kwenye bustani kuna mwanzi mmoja uliokatwa na kufungwa kama mzani: mayi yanaujaza, unainama, unayamwaga, kisha unarudi na kugonga jiwe. Kó! Halafu kimya, karibu dakika moja. Kó! Ulifanywa kufukuza nguruwe-mwitu na paa. Nilicheka peke yangu. Butoto bwangu wote nilifanya kazi ya ule mwanzi: kupiga debe shambani ili nyani wasile mahindi.

Pale pale barazani, saa kumi na nusu, nilitoa simu. Sikuandika, baba mudogo hapendi kusoma. Nilizungumza polepole, Mjapani aliyekuwa kando akageuka kunitazama, nikashuka nje hadi langoni. Nilisema: "Baba, shikamoo. Miti ya koko isikatwe. Ile fasi ya chini, pembeni ya njia, wauze, mimi sitaki sehemu yangu, wagawane wao. Lakini miti, hapana."

Jibu lilifika usiku, nikiwa Osaka. Hakukasirika. Alikohoa kwanza, kama kawaida yake. "Neno yako tumesikia. Sasa nani atafagia? Miye magoti inaniuma, na batoto ya leo banasema ni kazi ya bachawi."

Tulipata kijana wa jirani, Mprotestanti, ambaye hajui chochote juu ya Lyangombe na hana woga. Tunamlipa kwa mwezi. Mwaka 2025, benki za Bukavu zilipofungwa, pesa ilipita kwa njia ndefu na mara mbili ilichelewa, akafagia hata hivyo. Majirani wawili walinunua ile sehemu ya chini. Mmoja amejenga tayari. Mbuzi wake wanapanda mpaka kwenye miti na kuharibu kazi ya asubuhi, na baba mudogo anataka tuweke lupango wa miti midogo. Ameomba dola arobaini. Tunazungumzia bei.