Kabla Kalibu Haijachongwa

Taa yetu ya kwanza ilikuwa sanduku la mbao lenye tyubu za buluu, kazi ya seremala na sisi mafundi wa vifaa tiba. Ilitibu manjano ya watoto wachanga kwa kanuni ambayo Sista Ward wa hospitali ya Rochford, Uingereza, aliiona mwaka 1956: ngozi ya mtoto iliyopigwa na jua ilipungua umanjano, ila pale ilipofunikwa na shuka. Mwanga huibadili bilirubini, kemikali inayoleta umanjano huo, mwili ukaweza kuitoa kabla haijadhuru ubongo. Tukiwasha, wodi nzima inageuka buluu, nasi tunaridhika.

Tulipoipeleka kwenye kiwanda kinachowatengenezea wengine kwa mkataba, mhandisi wao alituuliza: mwanga kiasi gani, wa rangi ipi, upimwe wapi, baada ya saa ngapi za kuwaka? Kiwanda cha namna hiyo hutengeneza kilichoandikwa. Kisichoandikwa hukitengeneza kwa njia iliyo rahisi kwake. Basi tukaandika: mwanga wa nanomita 460 hadi 490, usiopungua mikrowati 30 kwa sentimeta ya mraba kwa nanomita, upimwe pale alipolala mtoto. Nikachukua kipima mwanga wodini. Tyubu zilizokaa muda mrefu zilikuwa zinang'aa kama mpya, ilhali nguvu yao ya kutibu imeshuka sana; na taa ikiinuliwa kidogo tu, kipimo kinaporomoka. Tangu siku ile sikuona tena maswali ya yule mhandisi kuwa usumbufu.

Lakini jambo kubwa kuliko yote lilitoka kwa muuguzi mkuu, ambaye sote tulimwita Mama. "Mwanangu," aliniambia, "chini ya buluu hii siwezi kujua kama mtoto amebadilika rangi kwa kukosa hewa. Niwekeeni na mwanga mweupe." Kiwanda kilisita. Swichi moja zaidi ni tundu jingine kwenye kasha la plastiki, na kalibu ya chuma ikishachongwa, kuibadili ni fedha nyingi. Bahati ilikuwa haijachongwa. Tuling'ang'ania, na swichi ikawekwa. Anayebuni kifaa cha wodini na awaite wauguzi mapema, wakati michoro bado ni karatasi.

Taa ya kiwandani ilitumia LED badala ya tyubu. Baadaye kiwanda kilipendekeza LED za msambazaji mwingine, bei nafuu, buluu ile ile kwa macho. Mkataba wetu, uliofuata kiwango cha ISO 13485 cha ubora wa vifaa tiba, haukuruhusu kijenzi kubadilishwa bila idhini yetu. Tulizipima: rangi ilikuwa imetoka nje ya mipaka tuliyoandika. Tukazikataa, na uzalishaji ukachelewa. Lawama za ucheleweshaji tulizibeba sisi, na ni haki, kwa kuwa mbele ya TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba Tanzania, na mbele ya mama mwenye mtoto anayejibu ni mwenye kifaa.

Kila taa sasa inauzwa pamoja na kipima mwanga. Wanunuzi hulalamika kwamba kinapandisha bei. Kinapandisha kweli, na sitakiondoa.