Bosi wa Chuga, Mzee wa Tanga na Zinki Iliyopotea

Huyu jamaa wengi mnamjua kwa sura, jina halitajwi. Ni dalali wa Tanzanite hapa Chuga, ana mjengo Njiro, na zile picha zake akiwa kwenye boti ya matanga mmezilaiki sana. Boti yenyewe inakaa Tanga, inaelea kwenye maji ya chumvi mwaka mzima, na ilikuwa inaangaliwa na mzee mmoja wa hukohuko.

Balaa lilianza boti ilipopandishwa nchi kavu kupakwa rangi. Bosi akakuta vile vipande vya zinki vinavyofungwa karibu na propela havipo, zimebaki bolti tu. Alivinunua mwenyewe, risiti anayo. Mzee akajitetea: "Hajaiba mtu, bosi. Bahari imevila. Nilikupigia mara mbili ulete vipya." Bosi akacheka. Chuma kinaliwa? Mzee akafukuzwa siku hiyohiyo, mbele ya vijana aliowafundisha kazi. Boti ikarudishwa majini bila zinki.

Kumbe mzee alisema kweli. Propela ya shaba na shafti ya chuma cha pua zikiwa pamoja kwenye maji ya chumvi zinakuwa kama betri: umeme mdogo unapita, metali dhaifu inaliwa. Zinki inafungwa pale ili iliwe yenyewe, propela ipone. Siyo jambo jipya, Mwingereza Humphry Davy alilijaribu kwenye manowari mwaka 1824. Zinki ikishaliwa nusu, inabadilishwa. Na ukiikuta nzima baada ya miezi mingi, usifurahi. Huenda ilipakwa rangi au haikugusana vizuri na metali, kwa hiyo haifanyi kazi.

Aliyemfumbua macho bosi ni fundi bomba. Julai, baridi ya Meru imekaza, hita ya maji pale Njiro ikaanza kuvuja. Fundi akafungua, akachomoa waya mwembamba uliojaa ukoko. "Bosi, hii ilikuwa fimbo nene ya magnesi. Imekwisha, maji yakahamia kwenye tangi."

"Nani kaimaliza?"

"Maji hayohayo, bosi. Ndiyo kazi yake, iliwe."

Jamaa alikaa kimya. Jioni akapiga simu Tanga, na kwa mara ya kwanza akaanza na shikamoo. Mzee akaitikia marahaba, akasikiliza mpaka mwisho, halafu akasema: "Nimekusamehe, mwanangu. Ila uliniita mwizi mbele za watu. Njoo unisafishe mbele za watu haohao."

Mpaka leo jamaa hajashuka Tanga. Pesa ametuma, mzee kairudisha. Na vijana wa kule wanasema propela imeanza kupiga wekundu, ambayo kwa shaba ya aina ile ni dalili ya kuoza.

Haya wadau, nauli ya Tanga haiwezi kumshinda dalali wa Tanzanite. Kinachomshinda ni nini? Na ungekuwa wewe ndiye mzee, ungerudi kazini? Shusheni maoni hapo chini.