Staa wa Mjini Anauguza Mbwa, Viwanja Vimemkosa

Yule dada mtangazaji wa Dar, mnayemjua kwa mawigi na safari za Zanzibar, siku hizi haonekani viwanja. Watu wakasema ana mimba. Kumbe anauguza mbwa.

Ilianza kama uvivu tu. Mbwa hataki kula, akipanda ngazi tatu anahema. Dada akamfunua mdomo: fizi nyeupe kama karatasi. Mkojo nao kama chai ya rangi. Kwa daktari wa mifugo, kipimo cha damu kikasoma asilimia 14, wakati mbwa mzima huanzia kama 37. Kinga ya mwili wake mwenyewe ndiyo iliyokuwa inavunja chembe nyekundu. Mbwa wa jirani akatoa damu, roho ikarudi.

Nyumbani ndipo kazi ilipo. Vidonge vya prednisolone vinaleta njaa, kiu na mkojo usioisha. Saa nane usiku dada yuko uani na kanga, kichwa wazi bila wigi, anamsubiri mbwa akojoe. Zulia la laki nane lishatupwa. Asubuhi anaangalia fizi kabla ya kushika simu (kwake hilo ni jipya kabisa).

Wiki ya tatu mbwa akachangamka, dada akaacha dawa siku mbili. Fizi zikapauka tena. Daktari alimfokea haswa: dawa hii inapunguzwa kidogo kidogo, kwa miezi, kwa kufuata vipimo.

Shemeji, yule wa "ni mbwa tu bwana", juzi kakutwa jikoni anaficha kidonge ndani ya kipande cha maini.