Ughaibuni Si Mbinguni

Wanachama wenzangu, nawaandikia kutoka mji wa Bayreuth, jimbo la Bavaria, nchini Ujerumani. Mwalimu mlezi wa chama ameniomba, mimi mwanachama wa zamani, niwaeleze maisha ya chuo ng'ambo. Ningeweza kuwapamba kwa hadithi za theluji, lakini nimeonelea heri niseme ukweli.

Niliondoka nyumbani Oktoba 2024, baada ya kumaliza shahada ya kwanza hapo Kenya. Ili nipewe viza, ilibidi nionyeshe kuwa nina yuro 11,904 za matumizi ya mwaka mmoja. Hizo ni zaidi ya shilingi milioni moja na nusu! Pesa zenyewe hufungiwa kwenye akaunti, nami sikuruhusiwa kutoa zaidi ya yuro 992 kwa mwezi. Baba aliuza ng'ombe na kipande cha shamba, mjomba akakopa ushirika, majirani wakafanya harambee. Siku ya safari nilisindikizwa kwa nyimbo na vigelegele kama bwana harusi.

Kufika huku, wacha tu! Sheria yasema ukihamia nyumba ujiandikishe mjini kabla ya majuma mawili kwisha. Nikaambiwa nije "halb drei", yaani "nusu tatu". Nami kwa ujuaji wangu nikafika saa tisa u nusu. Kumbe kwao nusu tatu ni nusu ya kuielekea saa ya tatu, ndiyo saa nane u nusu yetu. Nilikuta foleni imekwisha na zamu yangu imepita. Jumapili ya kwanza nayo nililala njaa, kwa maana maduka karibu yote hufungwa siku hiyo, na mimi sikuwa nimenunua hata mkate.

Lakini hayo yalikuwa madogo. Kubwa lilikuwa simu kutoka nyumbani. Binamu alitaka karo, shangazi alitaka dawa, rafiki alitaka mtaji. Kwao mimi nilikuwa Ulaya, na Ulaya ati pesa huokotwa. Ningewaambiaje kwamba kodi ya chumba na bima ya afya zilimeza zaidi ya nusu ya zile yuro 992? Niliona haya. Nikatuma. Mwezi uliofuata nikatuma tena. Kazi ya kibarua nayo sikuipata, kwa kuwa Kijerumani changu kilikuwa cha kusalimia tu.

Ilipofika Januari nilikuwa nimechelewa kulipa kodi. Jioni, giza likishaingia, nilizunguka nikiokota chupa tupu. Huku chupa ya plastiki ya kutumiwa mara moja ukiirudisha dukani hulipwa senti 25, na ya bia ya glasi senti 8. Nilijifunika kofia nisitambulike. Usiku mmoja mama akapiga simu, akaniuliza, "Umekula nini leo, mwanangu?" Nikamjibu, "Kuku, mama." Mkononi nilikuwa na mfuko wa chupa. Machozi yalinitoka njia mbili mbili.

Waliosema mficha maradhi kifo humuumbua hawakukosea. Sikulala. Alfajiri nilimpigia mama nikamweleza yote. Alinyamaza kitambo, kisha akasema, "Hatukukutuma kuchuma, tulikutuma kusoma. Hao wengine niachie mimi." Siku hiyo mzigo ulinishuka. Nikamwendea mwenye nyumba, tukaelewana nimlipe kidogo kidogo.

Msaada mwingine ulinitoka nisikotarajia. Chuo Kikuu cha Bayreuth hufundisha Kiswahili, na hapa huwa na kongamano la Kiswahili. Siku moja mkahawani nilimwambia Mkenya mwenzangu kwa simu, "Gari yangu imeniacha." Kijana Mjerumani aliyekaa karibu akatabasamu akaniambia polepole, "Samahani kaka, ni gari langu limeniacha." Jamani! Mimi niliyelelewa na chama hiki nasahihishwa ngeli Bavaria! Nilicheka hadi watu wakageuka. Tangu hapo twakutana kila Alhamisi: mimi namfundisha kuzungumza, yeye ananifundisha Kijerumani. Kufikia Aprili nilikuwa nimepata kibarua cha kuosha vyombo, na chupa nikawaachia wengine.

Ndugu zangu, siwakatazi kusafiri. Kutembea kwingi kuona mengi. Ila mkija, jifunzeni lugha ya wenyeji mapema, na msikionee haya Kiswahili chenu, kwani mimi kilinipa rafiki nilipokuwa peke yangu. Nanyi mlio na jamaa ng'ambo, kabla ya kumwomba pesa, muulizeni kwanza amekula nini. Naye akijibu "kuku", muulizeni mara ya pili.