Picha ya Jamaa Nzima

Nyumba nyingi za Masisi na Walikale zilikuwa na picha moja ya zamani, nyeusi na nyeupe, yenye kingo za menomeno, ambamo ukoo mzima umejipanga mbele ya kamera. Ya kwetu ilipigwa Masisi baada ya Misa, miaka michache kabla ya uhuru wa 1960. Ndani yake mna watu 27. Wazee wameketi vitini, mikono magotini. Akina mama wamesimama nyuma. Wadogo wako mkekani. Hakuna anayecheka, maana picha ilikuwa jambo la heshima. Mtoto mmoja tu alitikisika, na uso wake ukatoka kama moshi.

Wageni wakiiona husema, “Lo, mzee huyu alizaa sana!” Kumbe babu yetu alizaa saba tu. Waliobaki ni watoto wa ndugu zake, shangazi zake wajane, mayatima wawili wa jirani, na kijana mchungaji ambaye wazazi wake walitoka Rwanda. Tangu mwaka 1937 hadi 1955 serikali ya Wabelgiji ilihamisha maelfu ya watu kutoka Rwanda, ikawaweka Masisi katika ardhi ya Wahunde, na wenyeji hawakuombwa shauri. Neno hilo liliacha uchungu. Hata hivyo kijana yule alikula chungu kimoja na wana wa babu, na siku ya picha alikaa pamoja nao.

Machi 1993 mapigano yalianza sokoni Ntoto, huko Walikale, yakaenea hadi Masisi. Maelfu ya watu waliuawa, na wengi zaidi wakayahama makwao. Siku zile mtu aliulizwa kabila kabla ya kuulizwa jina. Ndipo ndugu yetu mmoja, kwa hasira ya msiba, alipochukua mkasi ili amwondoe yule mchungaji pichani. Shangazi alimshika mkono.

“Mwanangu, tazama kwanza. Mtoto huyu aliyetikisika, aliyepakatwa na huyo unayetaka kumkata, ni nani?”

Alikuwa mama yake mzazi. Mkasi ukarudishwa kikapuni, wala hatukulizungumza tena.

Jamaa zetu wa Walikale walikuwa na nakala yao, lakini unyevu wa msituni uliila, nyuso zikafutika moja baada ya nyingine. Ya kwetu shangazi aliifunga katika mfuko wa plastiki, ndani ya kitabu cha sala, akakimbia nayo hadi Goma. Januari 2002, moto wa Nyiragongo ulipoteketeza sehemu kubwa ya mji ule, alitoka na kitabu hicho na sufuria moja. (Siku hizi twapiga picha mia kwa simu, na simu ikiibwa zote zimekwenda.)

Nyuma ya picha hapakuwa na jina hata moja. Kabla shangazi hajafariki tuliketi naye jioni tatu, tukaandika kwa penseli, pole pole, pembeni, kwa kuwa kalamu ya wino hukwaruza na kupenya hadi usoni. Tulipata majina 23. Yule mchungaji tumemwandika mahali pake, pamoja na jina la baba yake. Wanne bado: wazee wawili wa kiume, msichana mwenye kitambaa cheupe, na mama mmoja wa mstari wa nyuma, mwenye rozari shingoni, aliyegeuza uso kidogo kama aliyeitwa na mtu.