Nani anaweza kuendelesha hadisi ya Mufwankolo?

Niko na deni kwa mutoto mwanamuke mumoja wa hapa komini Kenya, nyuma ya soko. Jamaa yake ilikimbia Mitwaba wakati wa vita ya Bakata Katanga, wakafika Lubumbashi na mizigo ya kichwani tu.

Tuliomba vijana watutumie hadisi kwa sauti, kwa telefone. Yeye alituma dakika sita. Mufwankolo, ule mwenye tunajua wote, anaishi sasa kati ya watu wenye walikimbia. Anasimama mustari ili apate unga, anagombana na mwenye kuandika majina, anataka mbuzi yake iandikwe kama mutoto wa nane.

Nilicheka. Kisha nikaikata. Nilipitisha dakika mbili, zingine nikaziacha, sababu niliogopa watu. Na kweli, hata kwa zile mbili papa mumoja alipiga telefone na kasirani: «Mufwankolo hakukimbiaka hata siku moja. Muache muzee wetu!»

Nilimupa haki siku ile. Leo hapana.

Kundi ya Mufwankolo haikukuwa inasoma maneno katika kitabu. Walikuwa wanapatana njia ya hadisi, nani anaingia, nani anatoka. Maneno yenyewe kila mutu aliyapata palepale, katika Kiswahili yetu ya Lubumbashi. Katika mwaka wa 1986, profesa Johannes Fabian aliwauliza juu ya mezali moja yenye inasema kama mamlaka inakuliwa nzima. Hawakumujibu kwa maneno mawili matatu. Walitunga mchezo muzima, «Le pouvoir se mange entier», na chifu ndani, na wazee wa kijiji. Mezali ilitoa mifupa, nyama wakaweka wao. Sasa mimi ni nani nimukataze mutoto kuweka nyama yake?

Lakini siko mwenye kupokea kila kitu. Kijana mumoja alituma Mufwankolo mwenye bunduki, anaua watu kumi, anaongea sawa filme za Marekani. Ile niliikataa, na ningeikataa tena. Jina tu ndiyo ilikuwa ya Mufwankolo. Yule wa mutoto wa Mitwaba alikuwa mbali na nyumba yake, lakini ukimusikia anatetea ile mbuzi, unamujua.

Nilienda kuomba musamaha. Mama yake anauzisha makala. Alinisikiliza bila kuacha kazi. Akaniambia kama wakati walikuwa wanatembea usiku, watoto walikuwa wanalia, na yeye akawahadisia Kalulu. Katika hadisi ya nyanya yake, Kalulu anaibia nyama wengine chakula shambani. Yeye akamuweka barabarani, anabeba mukeka, anadanganya watu wa kizuizi ili apite na watoto wake. Watoto wakanyamaza.

«Yaya, ningengoja turudie kijijini ndiyo niihadisie sawasawa?»

Sikukuwa na jibu. Nilinunua makala, hata kama kwangu iko mingi.

Posho hii, saa kumi ya mangaribi, tutapitisha dakika zote sita. Papa mwenye alipiga telefone nimemualika pia kwenye mikro. Alisema atakuja. Lakini ile mbuzi, akasema, hapana.