Laptopu ikigonga tik-tik, izime kwanza

Mama zangu, na nyie kina baba mnaosoma kimya kimya (nawajua), leo chanjo tunaziweka pembeni. Naongelea picha za watoto wenu. Zile mlizozihamishia kwenye laptopu kwa sababu simu ilijaa, halafu kwenye simu mkazifuta. Kwa familia nyingi hapa Bukoba na kule Muleba hiyo laptopu ndiyo albamu, na hakuna nyingine.

Rafiki yangu wa Muleba ameniruhusu nisimulie, ila jina naliacha. Mtoto wake wa pili alifariki akiwa na miezi 7. Picha zake zote, kuanzia siku aliyotoka wodini amefungwa khanga mbili, zilikuwa kwenye laptopu ya zamani ya mumewe. Asubuhi moja ya masika mtoto mkubwa akapita mbio, akakwaa waya wa chaji, laptopu ikaanguka kutoka mezani ikiwa inawaka. Wakaiwasha tena: skrini nyeusi, maandishi meupe ya Kiingereza, na ndani sauti, tik, tik, tik.

Akanipigia. "Waitu dada, nisaidie. Mwanangu yumo humo ndani."

Hakusema picha. Alisema mwanangu.

Mimi si fundi, lakini mdogo wangu wa kiume anatengeneza kompyuta hapa mjini, na mvua za Bukoba mnazijua: nimekaa kwenye kibanda chake nikisubiri zikatike mara nyingi tu. Kwa hiyo jibu nilikuwa nalo. Nikamwambia, shikilia kitufe mpaka izime kabisa, chomoa chaji, na usiiwashe tena hata mara moja.

Kwa nini? Diski ya zamani, ile inayozunguka, ina sahani ngumu zinazong'aa kama kioo. Kwenye laptopu nyingi sahani hizo zinazunguka mara 5,400 kwa dakika, yaani mara 90 kila sekunde. Juu yake kuna kichwa kidogo kinachosoma bila kugusa, kinaelea kwenye hewa nanometa chache tu kutoka kwenye sahani. Unywele wako mmoja una unene wa makumi ya maelfu ya nanometa. Sasa ikianguka ikiwa inazunguka, kichwa kinaweza kugusa. Ile tik-tik mara nyingi ni kichwa kinajaribu kusoma, kinashindwa, kinarudi pembeni, kinajaribu tena. Na kama kimeumia, kila kinapojaribu kinaweza kuwa kinaikwangua sahani, palepale picha zilipo.

Majeruhi wa bodaboda akiletwa, hatumwambii asimame atembee tuone kama mguu umevunjika. Tunautuliza mguu kwanza. "Ngoja nijaribu kuwasha mara ya mwisho" ni kumtembeza huyo mtu.

Kabla ya jioni ushauri ulikuwa umejaa nyumbani kwake. Jirani kasema aiweke kwenye friza. Hapana! Kitu kikitoka kwenye baridi kinatoa jasho kama chupa ya soda, na hayo maji hayatakiwi popote karibu na sahani. Mwingine kasema mchele. Mchele ni wa pilau. Shemeji yake akawa na mtu wa kuifungua kwa bisibisi "aangalie tu", na hapo ndipo nilipopaza sauti kwenye simu mpaka wagonjwa wakageuka. Diski ikifunguliwa juu ya meza ya kawaida vumbi linaingia, na chembe moja ni kubwa kuliko ile nafasi kichwa kinamoelea. Kazi hiyo hufanywa kwenye chumba kisafi chenye hewa iliyochujwa, fikiria chumba cha upasuaji.

Akaifunga kwenye kitenge, akaipakata kwenye haisi hadi Bukoba.

Mdogo wangu akaitoa diski na kuiunganisha na mashine yake. Tulikuwa na bahati, ilitambulika. Alishatuambia mapema kwamba ikigonga tu bila kutambulika yeye anaishia hapo, inatafutwa maabara, na gharama yake si ya mshahara wa nesi wala wa mwalimu. Fundi anayekuambia mwisho wake ulipo, huyo mshike.

Kitu kilichonishangaza ni kwamba hakuanza kutafuta picha. Alianza kunakili diski nzima, ilivyo, kwenda kwenye diski nyingine nzima, kwa programu ya bure inayoitwa ddrescue. Hiyo inachukua kwanza sehemu zinazosomeka vizuri. Ikikutana na pabovu inaruka, inaandika kwenye daftari lake, na mwishoni ndipo inarudi kuhangaika na palipobaki. Ajali ya basi ikija usiku nasi tunapanga hivyo, nani awahiwe na nani anaweza kusubiri. Umeme ulikatika katikati, na kwa sababu ya lile daftari uliporudi kazi iliendelea pale ilipoishia. Siku mbili na usiku wake.

Baada ya hapo diski mgonjwa haikuguswa tena. Kazi iliyobaki ilifanywa kwenye nakala, kwa programu nyingine ya bure, PhotoRec. Hii haihitaji majina wala folda. Inatafuta alama ambazo kila aina ya faili huanza nazo, ndiyo maana inaokoa hata pale orodha ya mafaili imeharibika. Ila majina yote yanapotea. Folda iliyokuwa na jina la mwanae haikuwepo. Alipewa maelfu ya mafaili yenye namba tu: harusi za watu, vibonzo, matangazo, vipicha vya kurasa za intaneti, na humo katikati, mtoto.

Alizipitia mwenyewe usiku, wengine wakiwa wamelala. Nilimwambia tugawane, akakataa. Wiki tatu. Nyingine zilikuwa nusu, juu uso, chini kijivu kitupu. Nyingine zilifunguka nzima. Alipata mia mbili na kitu, na video moja ya sekunde 9, mtoto anapiga chafya na baba yake anasikika akicheka. Za ubatizo haikurudi hata moja. Diski yenyewe iko kabatini ndani ya kile kitenge, siku akipata hela ataamua kuhusu maabara. Nanyi msiitupe.

Wenye laptopu mpya, nyingi zina SSD, hazina sahani. Hizo hazigongi, zinaweza kufa ghafla bila dalili. Na ukifuta picha humo, kwa kawaida kompyuta inaiagiza SSD isafishe ile nafasi, kwa hiyo kuirudisha ni kazi ngumu zaidi. Kwenye diski ya kuzunguka iliyo nzima, ukifuta kwa bahati mbaya acha kuitumia mara moja, maana kila unachohifadhi kinaweza kukalia mahali pa picha. Na programu ya kuokoa usiipakue kwenye diski hiyohiyo.

Tetemeko la 10 Septemba 2016, lile la 5.9, mama yangu aliitoa albamu chini ya matofali, akaipangusa kwa pindo la khanga. Picha yangu ya kipaimara ipo mpaka leo. Kwa hiyo mimi kila Desemba nachapisha kumi studio. Nakala nyingine iko kwenye diski ya nje kwa bibi yao Kamachumu, na zile nisizoweza kuzipoteza ziko mtandaoni, akaunti ya Google inatoa GB 15 bure. Bando linauma, najua, ndiyo maana sipandishi zote. Kadi za kliniki nimezipiga picha pia, kurasa za chanjo.

Aliyeuliza kuhusu mtoto anayekataa titi la kushoto, nimekuona. Hilo ni la Jumapili, nikitoka zamu.